Kutoka Kipanya Hadi Kidole: Somo Nililosomeshwa na Wanachuo Wangu

Kila mwalimu ana somo moja analojivunia. Langu lilikuwa ni somo la barua pepe. Kwa miaka kadhaa niliwasomesha wanachuo namna ya kupokea, kuandika, kupanga na kutuma barua kwa kompyuta, na andalio langu la somo lilikuwa na hatua 22, zote zimepigwa chapa na kupangwa vizuri. Katika makala haya nakusudia kueleza namna andalio hilo lilivyonivunjikia mikononi. Naamini maelezo haya yatawafaa walimu watarajiwa, kwani wengi wao watasomesha katika skuli ambazo zana hubadilika kabla mwalimu hajazizoea.

Programu niliyoitumia ni Thunderbird. Programu hii ilitolewa rasmi mwezi wa Desemba 2004. Hupatikana bure, na huweza kuziteremsha barua ndani ya kompyuta zikasomwa hata mtandao unapokatika, jambo ambalo kwetu si dogo. Katika mpangilio tulioutumia, uso wake uligawanyika sehemu tatu: kushoto masanduku ya barua, juu orodha ya barua, na chini barua yenyewe. Mwanachuo aliviona vyote kwa pamoja. Nikisema, "Bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya," darasa zima lilibonyeza, nami nikaendelea na hatua iliyofuata.

Mambo yalibadilika baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Miongoni mwa wanachuo wangu walikuwamo walimu waliorudi chuoni kujiendeleza, wakaja navyo darasani. Waliobaki walikuwa na simu zao za kioo. Kompyuta za chuo zikawa hazina haja tena ya kugombewa.

Mimi nilifurahi. Nikachukua andalio lile lile, nikafuta neno "kompyuta" na kuandika "kishikwambi" mahali pake, nikaingia darasani. Niliamini kuwa chombo kimepungua ukubwa tu, na kwa hiyo somo ni lile lile.

Katika hatua ya nne niliwaambia wabonyeze kitufe cha kulia. Darasa likanyamaza. Mwanachuo mmoja, mama wa makamo aliyesomesha miaka mingi kabla ya kuja kwetu, akainua kidole chake cha shahada na kusema, "Samahani, Mwalimu. Kidole changu ni hiki kimoja. Kitufe chake cha kulia kiko wapi?" Wenzake walicheka, nami nikacheka, kisha nikamwambia asubiri, atazoea. Hilo halikuwa jibu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "utazoea" mara nyingi huwa hana la kumweleza.

Wiki ya mazoezi ya kufundisha ikafika. Mama yule alikuwa amepangiwa skuli ya Mkokotoni. Siku tatu kabla, chuo kilimtumia barua pepe kumjulisha kuwa amehamishiwa skuli moja ya mjini, asomeshe Darasa la Tatu. Jumatatu asubuhi nilikaa nyuma ya darasa hilo na fomu yangu ya tathmini, nikimngojea. Watoto walikuwa wamefungua madaftari. Saa mbili ikapita, saa mbili na nusu ikapita. Nikaandika katika fomu, "Hakuhudhuria," nikaondoka nimekasirika.

Kumbe wakati ule yeye alikuwa Mkokotoni, amepanda gari tangu alfajiri, akielezwa na mwalimu mkuu kuwa jina lake halimo katika orodha.

Siku ya pili alinijia na kishikwambi mkononi. "Mwalimu, wallahi barua hiyo sikuiona." Nikakichukua na kutafuta. Barua ilikuwamo, lakini ndani ya sanduku la hifadhi. Katika programu aliyokuwa akiitumia, ukipitisha kidole kwa ubavu juu ya barua, barua huondoka katika orodha na kwenda kuhifadhiwa. Yeye alipokuwa akiteremsha orodha, kidole kilikwenda upande, barua ikatoweka hata jina la aliyeipeleka hakuwahi kulisoma. Nikazipitia hatua zangu 22. Hapakuwa na hata moja iliyotaja kupitisha kidole, kwa sababu hatua zile niliziandika kwa ajili ya kipanya. Niliifuta ile kauli katika fomu yake na kuomba apangiwe siku nyingine. Kosa lilikuwa langu, lakini aibu na nauli ya kwenda na kurudi Mkokotoni aliibeba yeye.

Jioni ile nilirudi nyumbani Mlandege kwa miguu, mawazo yamenijaa. Nilisimama mbele ya duka la kanga. Mwenye duka, bibi ambaye nina hakika hajapata kukaa mbele ya kompyuta, alikuwa akizungumza na wateja wawili huku dole gumba lake likifanya kazi juu ya simu. Alipiga picha ya kanga, akaikata pembeni, akampelekea mteja aliyeko Pemba, akasikiliza jibu, akapokea fedha kwa simu. Alipotaka kuirudia picha fulani, aliishikilia kwa kidole mpaka orodha ya mambo ya kufanya ikajitokeza. Nikashtuka. Hicho ndicho kitufe cha kulia nilichoulizwa darasani! Mama yule wa Mkokotoni alikuwa akikitumia kila siku katika simu yake. Ni mimi niliyeshindwa kumwonyesha kuwa anakijua.

Baadaye nilisoma namna mafundi wa programu walivyokabiliana na tatizo kama langu, nikaona kuwa wamepita njia mbili. Ya kwanza ni kukipanua cha zamani. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 8 mwezi wa Oktoba 2012, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kuguswa, programu yake ya barua, Outlook ya 2013, ilitiwa hali maalumu ya kugusa: nafasi baina ya vitufe iliongezwa, na vitufe vikubwa vya kujibu na kufuta viliwekwa ukingoni mwa kulia, karibu na dole gumba. Ilikuwa hatua njema, ingawa nyumba ilibaki ile ile, milango tu ndiyo iliyopanuliwa.

Njia ya pili ilipitwa na watu wa Thunderbird wenyewe. Walipotaka kuingia katika simu za Android, hawakuibana programu ya kompyuta mpaka ienee katika kioo kidogo. Palikuwapo programu nyingine ya barua, K-9 Mail, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jesse Vincent kwa ajili ya simu hizo hizo. Mwezi wa Juni 2022 ilitangazwa kuwa K-9 Mail inajiunga na Thunderbird. Kazi ya kuirekebisha ilichukua zaidi ya miaka miwili, na mwezi wa Oktoba 2024 ikatolewa Thunderbird ya Android, iliyojengwa juu ya msingi wa K-9. Walianza na kitu kilichokwisha kuujua mkono, wakakitia ujuzi wao.

Ukizitazama programu hizi utaona sababu. Ncha ya mshale wa kipanya ni ndogo kama nukta, lakini kidole ni kinene. Mwongozo wa Android hupendekeza kuwa kitu cha kuguswa kisipungue milimita 9 hivi kila upande. Mshale huweza kuelea juu ya kitufe hadi maelezo yake yakatokea, ilhali kidole cha kawaida kikigusa kimekwisha kutenda. Zile sehemu tatu za kompyuta, katika simu huja moja baada ya moja: kwanza orodha, kisha barua. Na mtu anapoandika, herufi za kuchapia hufunika sehemu kubwa ya kioo.

Nikaliandika upya andalio langu. Somo la kwanza halina barua pepe kabisa. Wanachuo huonyeshana, wawili wawili, mambo ambayo vidole vyao hufanya kila siku katika simu: kugusa, kushikilia, kupitisha, kupanua picha. Mimi huyaandika ubaoni kwa maneno yao wenyewe. Somo la pili huuliza: katika barua pepe, kila tendo kati ya haya huleta nini? Hapo hujaribu kwa barua za mazoezi, wakazipoteza makusudi na kuzitafuta katika hifadhi na katika taka, mpaka hofu iwatoke. Kuandika barua rasmi huja katika somo la tatu. Hatua 22 zimekuwa tisa.

Kutokana na hayo, nawashauri walimu watarajiwa mambo matatu. Kwanza, zana inapobadilika, msibadilishe jina lake tu katika andalio. Shikeni zana mpya kwa mikono yenu, mlifanye somo zima kabla ya kuwafanyisha wanafunzi. Pili, tafuteni kwanza kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari, hata kama amekijulia dukani au jikoni. Tatu, mwanafunzi akiuliza swali linalochekesha darasa, lichukueni nyumbani mkalifikirie.

Mama yule alisomesha Darasa la Tatu wiki iliyofuata. Somo lilikuwa la kuandika barua kwa rafiki. Kabla ya kugusa chaki, aliwauliza watoto, "Nani kati yenu amewahi kutumwa na mama ampelekee mtu ujumbe?" Mikono yote ikainuka, na kuanzia hapo ndipo alipoanza somo. Nami, nikiwa nyuma ya darasa na fomu yangu, niliona kuwa amekwisha kulitenda lile ambalo mimi ndio kwanza nimelijua.