Nahodha Ahab na Deni Lisilo na Mdaiwa

Ndugu walimu wenzangu, katika makala haya nakusudia kumzungumzia mtu mmoja ambaye hakupata kuwako duniani, lakini ambaye amenifundisha mengi juu ya nafsi yangu kuliko wengi waliopata kuwako. Naye ni Ahab, nahodha wa merikebu Pequod katika riwaya ya Moby-Dick, iliyoandikwa na Mmarekani Herman Melville na kutolewa mwaka 1851.

Mimi niliisoma kwanza kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Jean Giono na wenzake iliyochapishwa mwaka 1941, maana huku kwetu Burundi Kifaransa ndicho kilichotufungulia vitabu vingi vya ng'ambo. Baadaye nikawa nawasimulia wanafunzi wangu kwa Kiswahili, kipande baada ya kipande, kila Ijumaa. Wao ni watoto wa Ziwa Tanganyika; wanamjua sangala na dagaa, lakini bahari hawajapata kuiona. Nyangumi nililazimika kumchora ubaoni, na ubao haukumtosha.

Melville aliyajua mambo aliyoyaandika. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 21, alisafiri kama baharia katika merikebu ya kuwinda nyangumi iitwayo Acushnet. Tena alisoma habari za Essex, merikebu ya Nantucket iliyogongwa na nyangumi na kuzama katika bahari ya Pasifiki mwaka 1820. Kazi ya merikebu hizo ilikuwa kutafuta mafuta, hasa ya kuwashia taa. Mabaharia hawakupewa mshahara wa mwezi, bali kila mmoja alikuwa na fungu lake katika mapato: Ishmael, msimulizi wa riwaya, aliahidiwa fungu moja tu katika mafungu 300.

Jambo hili la mafungu yafaa tulishike. Pequod ilipong'oa nanga Nantucket siku ya Krismasi, watu wale walikuwa wameajiriwa kutafuta mafuta. Walipokuwa mbali na nchi kavu ndipo Ahab alipowakusanya sitahani, akapigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti mkuu, akatangaza kwamba ni yake yule atakayekuwa wa kwanza kumwona nyangumi mweupe aliyemkata mguu. Naye alikuwa amesimama mbele yao kwa mguu wa mfupa wa nyangumi. Mabaharia wakashangilia, wakanywa, wakala kiapo. Starbuck peke yake, msaidizi wa kwanza wa nahodha, alithubutu kumwambia kwamba kumlipiza kisasi mnyama asiye na akili, aliyemdhuru kwa silika yake tu, ni wazimu.

Nikifika hapo nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni neno kisasi. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na katika asili yake ni malipo yanayolingana na dhara lililotendwa: jicho kwa jicho, wala si macho mawili. Tena kitenzi tunachokiambatanisha nalo ni kulipiza, nacho kimetokana na lipa. Basi atajaye kisasi ametaja deni. Na deni lina kiasi chake, lina mdai na mdaiwa, na likishalipwa huisha. Ahab alikuwa mdai, lakini mdaiwa wake alikuwa akiogelea baharini bila kujua kwamba anadaiwa. Nacho kiasi kikapotea kabisa, kwani mguu mmoja ulikuja kulipiwa kwa merikebu nzima.

Wanafunzi aghalabu walimpenda Ahab mwanzoni, nami sikuwalaumu. Mwandishi hakumfanya shetani. Amempa mke kijana na mtoto mdogo, amempa miaka 40 ya upweke wa baharini, na katika mkesha wa mapambano ya mwisho amemfanya adondoshe chozi majini. Angekuwa shetani, tungemwepuka mapema.

Riwaya yenyewe inatuonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo. Boomer, nahodha Mwingereza, alipoteza mkono kwa nyangumi yule yule, akaona mkono mmoja umetosha, akamwacha aende zake. Kisha anatokea nahodha Gardiner wa merikebu Rachel. Mashua yake moja imepotea, na ndani yake yumo mwanawe wa miaka 12. Anamsihi Ahab, baba kwa baba, wamtafute pamoja. Ahab anakataa, kwa kuwa hana saa ya kupoteza.

Kipande hicho ndicho kilichonishinda. Mara ya kwanza nilipokifikia darasani sauti ilinikauka, nikawaambia wanafunzi kwamba tutaendelea Ijumaa ijayo. Sababu yake sijapata kuiandika popote mpaka leo.

Miaka mingi iliyopita, katika semina ya walimu, mwalimu mmoja wa shule nyingine alinisahihisha mbele ya wageni. Nilikuwa nimesema "makala hii". Yeye akasimama, akasema "makala haya", watu wakacheka. Hayo tu ndiyo yaliyotokea. Ninyi mnajua kwamba juu ya neno hilo wapo wasemao hivi na wapo wasemao vile. Lakini mimi nilirudi nyumbani kama mtu aliyekatwa mguu.

Kwa muda wa miaka miwili niliwafundisha wanafunzi wangu wa midahalo kwa nia moja tu, ya kuwashinda wanafunzi wake katika shindano la kila mwaka. Wao walidhani wanajifunza Kiswahili. Nami pia nilikuwa na sarafu yangu ya kupigilia mlingotini: niliwaahidi vitabu, nikawaahidi sifa, wakashangilia.

Wiki moja kabla ya shindano, msichana aliyekuwa msemaji wetu mkuu alinijia.

"Mwalimu, mama ni mgonjwa. Naomba ruhusa niende nyumbani siku tatu."

Nikamwambia, "Utakwenda baada ya shindano, mwanangu. Hatuna mwingine."

Hakubishana nami. Siku ya shindano alisema vizuri sana, tukashinda. Alipofika kwao, mazishi yalikuwa yamekwisha.

Yule mwalimu mwenzangu alikuja kunipa mkono wa pongezi kwa moyo mweupe. Nilipomkumbusha semina ile, alinitazama kwa mshangao. Hakukumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimemdai miaka miwili mtu asiyejua kwamba ana deni, na aliyelipa ni mtoto wa watu. Baadaye nilikwenda kumtaka radhi yule msichana. Akanijibu, "Yamepita, Mwalimu." Hakuongeza neno, nami nililisikia jibu lile kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningesikia lawama.

Wahenga wamesema: hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi hughadhibika, na kwa ghadhabu yake hujipeleka mwenyewe mkononi mwa mvuvi. Katika riwaya hii aliyeghadhibika ni mvuvi mwenyewe, akajipeleka kwa samaki. Kwa siku tatu Ahab alimwandama nyangumi mweupe. Siku ya tatu alimtupia chusa, kamba ikamnasa shingoni, ikamvuta majini. Nyangumi alikuwa amekwisha kuipasua Pequod, nayo ikazama na watu wake wote, ila Ishmael aliyeelea juu ya jeneza la rafiki yake Queequeg. Aliyekuja kumwokoa ni Rachel, merikebu ile ile iliyonyimwa msaada, ikiwa bado inazunguka baharini kuwatafuta watoto wake.

Siku hizi nakisimulia kipande cha nahodha Gardiner mpaka mwisho. Kisha nawauliza wanafunzi: kama mngekuwa mabaharia wa Pequod, mngemwambia nini Ahab? Wengi hujibu kwa ushujaa, nami huwasikiliza. Ila ninyi walimu wenzangu nina swali jingine kwenu, kwa kuwa sisi hatukai na mabaharia. Sisi ndio tulioshika usukani, na watoto wamekwisha panda. Je, wanajua tunawapeleka wapi? Na mtoto akija kuomba ruhusa ya siku tatu, tutamjibuje?