Kwa Meli Mpaka Kigoma: Karatasi Gani Inatakiwa?

Kijana mmoja wa Kikula alinifuata kisha ibada na swali ambalo sikulitazamia hapa Likasi. Shangazi yake anayekaa Ubelgiji anataka kumwalika mama yake kutembea na meli kubwa ya watalii. Meli inatoka Barcelona, inapita Tunis, kisha inarudi Ulaya. «Pasta, kule Tunis watasimama siku moja tu, na usiku wanalala ndani ya bato. Atahitaji viza ya nini?»

Sisi wa Likasi tunajua treni na camion. Bahari tunaiona kwenye picha. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu juu ya ziwa Tanganyika mwaka 2016, kwa hiyo nitaanzia huko.

Nilikuwa nimealikwa Kigoma kwa mafundisho ya juma moja. Nilishuka Lubumbashi, nikavuka Kasumbalesa, nikapanda basi za Zambia: Chingola, Kitwe, Kapiri Mposhi, Kasama, Mbala. Mbala ndiyo ile Abercorn ya zamani, ambako Wadachi wa von Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Kutoka hapo barabara inatelemka mpaka Mpulungu, bandari moja tu ambayo Zambia inayo. Joto ni lingine kabisa, na harufu ya samaki inakupokea mbele ya watu.

Meli iliyonibeba ilikuwa Liemba. Wengi wenu mlisikia jina hili kwa wazee wa Kalemie. Wadachi waliitengeneza mwaka 1913 kule Papenburg na kuiita Graf von Goetzen. Waliifungua vipande vipande, wakavitia ndani ya masanduku 5,000, vikafika Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Mwaka 1915 ikaingia majini. Tarehe 26 Julai 1916 wenyewe waliizamisha kusudi adui asiipate, lakini kwanza walipaka mashine mafuta mengi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi na jina jipya. Kiwanda kile kile cha Meyer kule Papenburg, ndicho baadaye kilijenga meli nyingi kubwa za watalii. Kwa hiyo tuliosafiri juu ya Liemba, pamoja na magunia ya dagaa na nanasi, tulikuwa jamaa ya hao matajiri kidogo!

Mwaka 1997 meli hii iliwarudisha kwetu makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita. Ilisimama kazi mwaka 2018 kwa kungojea matengenezo.

Tuliondoka Mpulungu siku ya tano, mchana. Kwenye vijiji vingi hakuna gati. Meli inapiga honi, mitumbwi inakuja kwa haraka, watu wanapanda na kushuka katika giza, watoto wanapitishwa mkono kwa mkono. Nilipenda kuitazama kazi hiyo kuliko kulala.

Katika daraja ya tatu nilimkuta mama mmoja wa kwetu, mjane, anayeuza vitenge Likasi. Binti yake ameolewa Kigoma na alikuwa amezaa siku chache mbele. Mama alibeba kapu la vitu vya mtoto: sabuni, nguo, pagne mbili, unga wa mahindi wa kwetu, sababu alisema unga wa huko hauna nguvu. Kasumbalesa alivuka na jeton ya wafanyabiashara. Ndani ya basi hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipomuuliza juu ya paspoti, alinionyesha laissez-passer ya CEPGL, imekunjwa vizuri ndani ya Biblia. Alikuwa ameishi Uvira miaka mingi.

«Pasta, ziwa si ni ile ile? Mi nilikuwa nafika Bujumbura na hii karatasi, hakuna muntu alinikatalia.»

Nilinyamaza, maana mimi pia sikuwa na hakika. Usiku ule, Kasanga, watu wa uhamiaji wa Tanzania walipanda. Walitazama paspoti yangu, viza niliyoipata mbele ya safari, na carte jaune ya homa ya manjano. Wakapiga muhuri. Kwa mama walisimama.

CEPGL ilianzishwa mwaka 1976 na inchi tatu: Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule. Karatasi yake inafungua milango ya hizo tatu. Tanzania inagusa ziwa lile lile, Zambia vilevile, lakini hazimo ndani ya mapatano hayo. Maji hayana mupaka unaoonekana, na hapo ndipo watu wetu wengi wanaanguka. Afisa hakumtukana wala hakumwomba feza, ninamshuhudia hilo. Alisema tu: «Mama, utabaki ndani ya meli. Kigoma hutashuka. Meli iliyokuleta ndiyo itakurudisha.» Na hiyo ndiyo desturi ya bandari pote duniani: aliyemleta mtu asiyekubaliwa, anamrudisha.

Sasa nimjibu kijana. Kuna mapatano ya dunia juu ya kazi za bandari, yaliyofanyika London mwaka 1965. Humo inchi zinashauriwa zisiwadai viza abiria wa meli ya watalii inayosimama chini ya saa 72. Lakini ni shauri, haiko amri, na kila serikali inaweka masharti yake. Urusi, kwa mfano, mwaka 2009 iliwafungulia watalii wa meli saa 72 bila viza, mradi watembee na kundi lililopangwa. Kwingine wanatazama kwanza paspoti yako ni ya inchi gani, na yetu ya Kongo haifunguliwi milango sawa na ya Mbelgiji. Shangazi akiwa na paspoti ya Ubelgiji, asidhani mama yake atapita nyuma yake kwa mlango ule ule.

Tena kuna mtego mwingine, mbaya kuliko huo. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inakwisha kazi meli ikitoka Ulaya kwenda Tunis. Kurudi ni kuingia mara ya pili! Mama anahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na aulizie mambo ya Tunisia kwa ubalozi wao wenyewe, si kwa muuza tiketi peke yake. Kampuni ya meli yenyewe inaweza kumkatalia kupanda pale Barcelona akikosa karatasi ya bandari moja tu, na mara nyingi feza ya tiketi hairudi. Hata Mtume Paulo, meli ilipofika Sidoni, alishuka kuwaona rafiki zake kwa sababu akida Yulio alimpa ruhusa.

Mambo yamelegea kidogo upande wetu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani tarehe 1 Septemba 2023. Paspoti inatakiwa bado.

Tulifika Kigoma siku ya Mungu. Mimi nilishuka, mama akabaki kwenye ukingo wa meli na kapu lake. Binti alikuwa kwenye lango la bandari, mtoto mgongoni. Hakuruhusiwa kupita, na mama hakuruhusiwa kutoka. Waliitana kwa sauti, mpaka wabeba mizigo wakasimama kusikiliza.

Nilikwenda kusema na wakubwa, na wengine waliokuwa pale walisema pia. Mwishoe afisa kijana alikwenda langoni, akampokea mtoto kutoka kwa mama yake, akapanda naye ngazi ya meli. Akamweka mikononi mwa bibi yake na kusimama kando akitazama saa. Walipewa karibu saa nzima. Kisha akamshusha mtoto, pamoja na kapu.

Siku ya tatu nilitoka mafundishoni nikampelekea mkate na chai. Meli ilipiga honi, ikaondoka naye kurudi Mpulungu. Mwaka uliofuata alifanya paspoti Lubumbashi, akaomba viza, akasafiri tena. Mtoto alikuwa anatembea, na alimkimbia.