Chumvi Ilipopanda Mto

Wakati ule Kisangani ilikuwa kisiwa katikati ya msitu. Tangu vita vya 1998, mto Kongo ulikuwa umekatwa: Kinshasa na Mbandaka kwa serikali, sisi kwa waasi wa RCD, na katikati mstari wa vita. Kilomita kama 1,700 za maji, na hakuna boti inayopanda.

Mimi nilikuwa nauza chumvi sokoni. Kabla ya hapo ilikuwa inapanda mto kwa magunia, bei yake hakuna anayeihoji. Mto ulipofungwa ikawa inaletwa na ndege kutoka mashariki, pamoja na sabuni na sukari. Nikaacha kupima kwa glasi, nikapima kwa kijiko, na wateja wakawa wanaangalia mkono wangu, si uso. Vijijini, akina bibi walirudia ufundi wa zamani: kuchoma majani ya mtoni, kuchuja majivu, kuchemsha yale maji mpaka yakauke. Chumvi ile ni nyeusi na ina uchungu, lakini sombe, majani yetu ya muhogo, ililiwa. Mafuta ya gari nayo yaliadimika, ndiyo maana vijana walijaza mji na toleka. Baiskeli hizo ndizo zilikuwa teksi, lori na gari la wagonjwa.

Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia nchini kwetu yakiwa marafiki, yalianza kupigana humu humu mjini. Siku sita. Nilikuwa naishi mtaa wa Tshopo, karibu na daraja, na mabomu yalipita juu yetu kwenda na kurudi. Umeme ukakatika, mifereji ikakauka, watu wakanywa maji ya mto. Mabomu yaliyoangukia mji yalizidi 6,000; makadirio ya Umoja wa Mataifa yalifikisha raia waliokufa 760. Tulizika uani.

Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1304: majeshi yote mawili yaondoke, na yalipe fidia. Tulilisikia redioni. Sokoni hakuna aliyepiga makofi, maana azimio halipimwi kwa kijiko.

Kilichonigusa mimi kilikuja 2001. Askari wa Moroko wa Monuc, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walipiga kambi mjini, na wanamaji wa Uruguay wakaanza kuzunguka mtoni na boti zao ndogo za kasi. Watu wa nchi ambayo hatukujua hata iko wapi! Mwaka huo huo, misafara ya kwanza kutoka Kinshasa ikapanda chini ya ulinzi wao. Mji mzima ulishuka bandarini. Mwenye toleka mmoja aliniita, "Mama, panda, leo sikulipishi!" Biashara yenyewe ilichelewa, ikarudi sawasawa baada ya serikali ya mpito ya 2003, lakini siku ile walanguzi waliokuwa wameficha magunia walianza kuyafungua. Hofu yao ilishusha bei kabla ya shehena.

Sisemi askari wale walikuwa malaika. Mei 2002, baada ya uasi wa siku moja dhidi ya RCD, watu waliuawa na kutupwa mto Tshopo, na Monuc ilikuwepo hapa hapa mjini. Kufungua mto waliweza. Kumlinda mtu usiku, hapana.

Fidia ndiyo iliyokawia kuliko boti yoyote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda 2005, na kiasi kikatajwa Februari 2022: dola milioni 325 kwa nchi nzima, kwa mafungu ya kila mwaka. Kuhusu Rwanda, mahakama ile ile ilisema 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Kwa hiyo mabomu ya upande mmoja yana bei, ya upande wa pili hayana. Wajukuu huniuliza lile lililobomoa ukuta wetu lilikuwa la nani. Nawajibu lilitoka juu.