Daraja la Mto Athi na Jina Lililopotea



Nilimsindikiza binti yangu chuoni Machakos. Tulipanda treni ya SGR asubuhi Mombasa, na mchana tukawa tunauvuka Mto Athi juu ya daraja refu la zege. Nikamwambia kuwa mto huo, ukiisha kukutana na Tsavo, huitwa Galana, na huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

"Na daraja la reli ya zamani, Baba, lilijengwa na nani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba reli ya kwanza ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 simba wakawala wajenzi wa daraja la Tsavo. Mwaka 1899 ikazivuka tambarare za Athi hadi Nairobi, ikiuacha mji wa Machakos kando. Vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakiwemo Waislamu wengi wa Punjab, na wapatao 2,500 walifia kazini. Njia hiyo ilibeba abiria hadi SGR ilipoipokea kazi hiyo mwaka 2017.

Akanisikiliza, kisha akauliza tena: "Na babu yake nyanya, si alifanya kazi kwenye reli hiyo? Aliitwa nani?"

Nikanyamaza. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba babu yake alibeba mataruma mpaka nchi ya Wakamba, akarejea Pwani na kidonda cha mguu, nacho ndicho kilichomuua. Kisa hicho nilikisikia mara nyingi nikiwa kijana, nisiulize jina. Mimi niliyehifadhi majina ya wapokezi wa hadithi, mtu baada ya mtu hadi Madina, sikulihifadhi jina la mzee wangu. Na mama sasa hayupo wa kuulizwa.

Usiku ule nilimwombea rehema bila ya kumtaja. Mola wake anamjua.

Enyi wazazi wenzangu, madaraja hubadilishwa yakichakaa, na hilo ni jema. Mzee akiondoka na majina, hapana fundi wa kuyarejesha. Visa vya nyumba zetu vimo vifuani mwa mama na nyanya zetu. Basi waulizeni leo, na muandike.

Binti yangu amekwisha fungua daftari. Ameandika jina la nyanya yake, na juu yake ameacha mistari miwili mitupu.