Mchanga Usiooshwa

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuosha mchanga. Ilikuwa Kwale, kwenye yadi ya matofali ya saruji, nami kijana niliyeshindwa na karo. Tuliurundika mchanga wa pwani juu ya sakafu yenye mteremko, tukaumwagia maji matamu, tukauacha uchuje, tukaupindua kwa sepetu na kuumwagia tena. Foromani alikinga matone ya mwisho kiganjani akayaonja kama bado yana chumvi. Ulimi wake ndio uliokuwa maabara yetu.

Kwa matofali ulimi ulitosha, maana ndani ya matofali hamna chuma. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walijenga kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chumvi ilikuwemo tele, lakini haikuwa na cha kula. Balaa lilianza tulipotia vyuma kwenye zege.

Baadaye nilisomea ufundi wa kupima zege, nikapata kazi Nairobi, na miaka yangu mingi imepita katika mtaa wa Kilimani. Nimeziona bungalo zikibomolewa kwenye barabara za Lenana, Kindaruma na Argwings Kodhek, ghorofa zikiota mahali pa miembe. Mchanga wa huku ni wa mto, unaletwa na malori kutoka Machakos, Kajiado na Makueni. Tangu Makueni ipitishe sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, wenye mijengo wamezidi kununua unga wa mawe kutoka machimboni. Adui wa mchanga wa mto ni tope. Kulipima, unatikisa mchanga na maji ndani ya chupa ya vipimo, unauacha utulie saa tatu, kisha unasoma kimo cha tope lililotua juu. Na ndani ya maji hayo unatia chumvi kidogo, ili tope lishikane na kutua! Mtoto wa Kwale aliyelipwa kuitoa, sasa analipwa kuitia.

Chumvi ya bahari ilinifuata mpaka Kilimani. Mwenye jengo moja karibu na Yaya Centre alikuwa akijenga nyumba ya likizo Diani, huko pwani. Akanijia na mfuko wa plastiki.

“Mzee, hebu tazama mchanga huu. Msafi, hauna hata tope. Fundi anasema umekaa ufuoni juu ya maji, umekauka.”

“Huo uliokauka ndio mbaya zaidi, bosi,” nikamwambia. “Maji yamepanda na jua, chumvi imebaki.”

Nikausuuza kwa maji yaliyotoneshwa, nikachuja, nikadondosha nitrati ya fedha. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Akanyamaza.

Nikamfanyia hesabu. Kiwango cha Uingereza tulichofundishwa huruhusu, kwa zege yenye vyuma, kloridi isiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 basi una kibali cha gramu 200, na humo yahesabiwe maji, kokoto na dawa za zege pia. Lita 10 tu za maji ya bahari zina takriban gramu 190. Saruji hukivika chuma utando mwembamba unaokilinda; kloridi huutoboa, kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka kutoka ndani, wakati rangi ya ukuta bado inang'aa.

Sisemi mchanga wa bahari haufai. Japani wameutumia kwa miongo, na baada ya kuona zege ikiharibika waliweka kikomo mwaka 1986: gramu 300 za kloridi kwa mita moja ya ujazo ya zege. Lakini wao huosha, na kuosha kunataka maji matamu. Mombasa hunywa maji ya Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba, na bado mitaa mingi hununua maji kwa mikokoteni. Anayesema mchanga wa ufuoni ni wa bure hajahesabu maji, wala hajahesabu ufuo wenyewe.

Kwa hiyo wewe wa Kilimani unayejenga Diani au Watamu, usiridhike na weupe wa mchanga wala ulimi wa foromani. Peleka kilo chache maabara kabla ya kumwaga nguzo ya kwanza, na udai majibu kwa maandishi.