Udi Uliobaki Uwanja wa Ndege

Udi ukichomwa chetezoni, harufu yake hukaa nguoni hata baada ya makaa kugeuka majivu. Mtu wa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa haambiwi jambo hili; amezaliwa nalo. Kwa hivyo msomaji wa pwani anapoifungua By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2001, na kumkuta mzee wa miaka 65 ameshuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiwa na kijisanduku cha udi ndani ya begi lake, haulizi mzee huyo amebeba nini. Amebeba nyumba yake.

Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anaupekua mzigo, anaunusa udi, kisha anauchukua. Afisa mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi waliotoka Romania. Lakini wazazi wake, kwa hoja yake, ni watu wa Ulaya, na Ulaya ni kwao. Mzee, Saleh Omar, yuko kimya. Kiingereza anakijua vyema, ila aliyemuuzia tikiti amemshauri asionyeshe kuwa anakijua. Maneno anayoyatoa ni mawili tu: mkimbizi, na hifadhi. Hivyo ndivyo maisha mapya yanavyoanza: mtu ameporwa harufu ya kwao, na ulimi wake ameufunga mwenyewe.

Udi ule ni wa qamari. Jina hilo humfanya msikiaji adhani umetoka mwezini, au Ngazija. Saleh Omar anaeleza kuwa sivyo: neno limepotoka njiani, na asili yake ni nchi ya Wakhmer, Kambodia. Aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara Muajemi wa Bahrain, aliyekuja na pepo za msimu wakati Saleh Omar akiwa na duka la samani Zanzibar. Udi ulikuwa sehemu ya biashara yao. Biashara hiyo ilifuatwa na mkopo, na mkopo ukafuatwa na hati ya nyumba ya mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud, iliyowekwa rehani. Hussein hakurudi. Saleh Omar akaidai haki yake kwa mujibu wa karatasi, na nyumba akaichukua.

Hapo ndipo ilipo roho ya kitabu. Riwaya nyingi za ughaibuni huuliza mgeni alipokewaje: baridi ilikuwaje, chakula kilikuwaje, vibali vilipatikanaje. Gurnah anayauliza hayo pia, lakini swali lake kubwa ni jingine: msafiri aliacha deni gani nyuma yake? Maana Saleh Omar ameingia Uingereza kwa jina la Rajab Shaaban, yule yule aliyemtoa nyumbani mwake. Na mkalimani anayetafutwa London ili amsaidie mzee asiyejua Kiingereza ni Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu na mshairi, mtoto wa Rajab Shaaban. Anasikia jina la marehemu baba yake likitajwa kuwa la mtu aliyefika juzi.

Wanapokutana katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, Latif amekuja na kinyongo cha utotoni. Mama yake aliwahi kumtuma dukani kwa Saleh Omar kuomba irudishwe meza ndogo ya mpingo, akarudi mikono mitupu. Naye Saleh Omar ana lake: familia ile ilimlipizia kwa mkono wa wakubwa wa serikali mpya, nyumba ikaondoka, akafungwa miaka mingi, na mkewe na binti yake wakafa yeye akiwa kifungoni. Kila mmoja ana nusu ya kisa, na kila mmoja ameishi akiamini nusu yake ndiyo kisa kizima.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Lakini deni hili halilipiki: nyumba ziko mbali, na wengi wa wenyewe wako makaburini. Kilichobaki ni kusimulia. Mmoja anaeleza, mwengine anakatiza, anakataa, anauliza tena. Hakuna hakimu, na hakuna anayetoka ameshinda. Ila mlango unaanza kubishwa na mtu anayejua mwenye nyumba ni nani hasa.

Gurnah mwenyewe aliondoka Zanzibar akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wengi visiwani walianza kuvitafuta vitabu vyake. Msomaji atakayeanzia kwa hiki atakutana na jambo asilohitaji kuvuka bahari ili kulijua, kwani ni mitaa michache ya pwani isiyo na nyumba ya urithi iliyowatenganisha ndugu. Watoto wa nyumba hizo wamesambaa hadi Muscat, London na Toronto, na huko hupishana njiani bila ya salamu kwa ugomvi wa wazee wao.

Kijisanduku hakirudi kwa Saleh Omar. Lakini mwisho wa kisa chao, wazee wawili hawa wa mtaa mmoja, mmoja kwa umri na mmoja kwa uchungu, wana mtu wa kuzungumza naye. Kwa mgeni aliyeshuka Gatwick na maneno mawili tu, huo si mwanzo mdogo.