Mshahara wa Mjomba

Mimi natamani kuwa mwalimu, na aliyenitia hamu hiyo ni mjomba wangu. Yeye alikuwa akifundisha hesabu ng'ambo, katika shule moja ya watu binafsi huko Ghuba. Mwaka juzi, nilipokuwa Kidato cha Pili, fedha alizokuwa akimletea mama zilikatika ghafula. Nilirudi bwenini na viatu vilivyotoboka na kipande cha sabuni, na moyoni nilimlaumu mjomba kuwa ametusahau.

Kumbe nilimkosea. Shule ile ilikuwa haijamlipa kwa miezi mitatu. Kila alipouliza aliambiwa asubiri. Mwishowe alichukua mkataba wake, pamoja na daftari aliloandika kila malipo na tarehe yake, akaenda kwenye ubalozi wetu. Huko alipewa barua na mtu wa kumfikisha ofisi ya kazi ya nchi ile. Basi akalipwa miezi miwili. Wa tatu haujaonekana hata leo. Wenzake wawili waliokwenda bila mkataba hawakupata kitu, maana hawakuwa na cha kuonyesha.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Uraia kama mambo haya hutokea penginepo. Alitueleza habari za Japani. Mwaka 2007 Nova, shule kubwa ya kufundisha lugha yenye matawi mengi nchini humo, ilifilisika, na maelfu ya walimu wa kigeni wakakosa mishahara. Lakini Japani ina sheria ya mwaka 1976: mwajiri akifilisika, serikali humlipa mfanyakazi asilimia 80 ya mshahara anaodai, bila kupita kiasi kilichowekwa, kisha yenyewe humdai mwajiri. Mgeni naye huhesabiwa, kwani hutazamwa kazi aliyoifanya, si kwao alikotoka. Hata hivyo, ni lazima deni lithibitishwe.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, baadhi yetu tutakwenda mbali kutafuta kazi. Serikali yaweza kutushika mkono, lakini haiwezi kutuandikia daftari. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mjomba aliporudi nyumbani nilimwambia, "Mjomba, uniwie radhi, nilikudhania vibaya." Alicheka, akanipa daftari jipya. Ndilo ninaloandikia sasa vitu vyangu vyote vya bweni, hata sabuni.